Mwanga Mbele ya Kioo cha Bafuni: Mambo ya Kuamua Kabla ya Vigae

Somo hili limekusudiwa kwa mwenye nyumba anayejiandaa kukarabati bafu, na kwa mpangaji mwenye ruhusa ya kufanya hivyo. Linahusu jambo ambalo aghalabu hukumbukwa kazi ikiwa imekwisha: mwanga wa mahali mtu anaposimama kunyoa ndevu, kusuka au kuchana nywele, kusafisha kidonda, kusoma maandishi madogo ya chupa ya dawa, au kutazama jicho lililoingiwa na kitu.

Katika nyumba nyingi za Tanzania bafu hupewa balbu moja katikati ya dari. Balbu hiyo inatosha kumwonyesha mtu mlango ulipo na ndoo ilipo. Haitoshi kwa kazi ya mbele ya kioo, na sababu yake si uchache wa wati. Anayejitazama kiooni huwa ameipa balbu kisogo. Mwanga humpiga utosini na mabegani, na uso wake, ambao ndio anaotaka kuuona, hubaki ndani ya kivuli chake mwenyewe. Akibadilisha balbu na kuweka yenye nguvu zaidi, utosi utang'aa zaidi na kivuli kitakolea zaidi. Ndiyo maana wengi hununua balbu ya pili na ya tatu, wakaishia kusema kwamba kioo hakifai.

Tofautisheni basi mianga miwili. Upo mwanga wa jumla, unaoenea chumba kizima, na upo mwanga wa kazi, unaoelekezwa mahali mikono na macho yanapofanya shughuli. Balbu ya dari ni ya kundi la kwanza na haina budi kuwapo. Somo letu ni kundi la pili.

Umbali nao una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwanga wa balbu hupungua kwa kasi kadiri mtu anavyokaa mbali nayo: umbali ukiongezeka mara 2, mwanga unaofika moja kwa moja hubaki robo. Kwa hiyo taa iliyo nusu mita kutoka usoni huangaza uso takriban mara 16 kuliko taa ileile ikiwa umbali wa mita 2, tukiacha mwanga unaorudishwa na kuta na dari. Taa ndogo iliyowekwa mahali pake huishinda taa kubwa iliyowekwa mbali, na huilinda mita ya LUKU vilevile.

Nani anahitaji mwanga huu

Kijana wa miaka 20 anaweza kunyoa chini ya balbu ya dari akatoka bila mkwaruzo. Mzazi wake hawezi. Lenzi ya jicho hugeuka rangi na mboni hupungua upana kadiri umri unavyosogea, na wataalamu wa macho hukadiria kwamba mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupokea kijana. Mama mzee anapolalamika kwamba bafuni ni giza, ilhali vijana wa nyumba hiyo wanaona sawasawa, hadeki.

Mwenye kisukari anahitaji kuzingatiwa kipekee. Hushauriwa na wauguzi azitazame nyayo zake kila siku, kwa sababu ganzi humfanya asihisi mchubuko, na mchubuko usioonekana mapema unaweza kumpotezea kidole au mguu. Watu wengi hufanya ukaguzi huo bafuni, wameketi kwenye kigoda baada ya kuoga. Taa ya kioo haimfikii huyo. Iwapo nyumba ina mgonjwa wa aina hiyo, mwambieni fundi aweke taa nyingine ukutani karibu na mahali pa kuketi, pakavu, itakayomulika kuanzia magotini kwenda chini. Taa hiyo itamfaa pia anayetawadha kwenye bomba la chini, maana sakafu yenye maji na kivuli ni mahali pa kuteleza.

Wakati wa kuamua

Wakati wenyewe ni kabla ya lipu na vigae. Nyaya za taa ya ukutani hupita ndani ya paipu iliyolazwa katika mfereji uliotinduliwa ukutani. Mfereji huo ukitinduliwa lipu ikiwa bado, ni kazi ya saa chache. Ukitinduliwa baada ya vigae kubandikwa, vigae vitavunjwa, na ni nadra dukani kupata vingine vya rangi ileile hasa, kwa kuwa rangi hutofautiana toleo kwa toleo. Hapo ndipo waya hupitishwa juu ya vigae ndani ya kimfereji cha plastiki, karibu na maji, ukiwa umeshikiliwa na gundi.

Kwa hiyo, kuta zikiwa bado tupu, fanyeni jaribio lisilo na gharama. Kateni boksi kwa kipimo cha kioo mnachokusudia kununua, libandikeni mahali kitakapokaa, kisha usiku ukiingia mtu mmoja asimame mbele yake na wawili wamshikie tochi za simu zilizofunikwa karatasi nyeupe, mmoja kila upande wa boksi. Sogezeni tochi juu, chini, pembeni, huku mkitazama kivuli cha pua na cha kidevu. Mahali vivuli vinapopotea, pigeni alama kwa kalamu. Warudieni wote wanaotumia bafu hilo, mrefu na mfupi.

Mtakuta, bila shaka, kwamba mahali bora ni pande mbili za kioo, usawa wa macho. Taa mbili zinazotazamana hufutiana vivuli. Kwa kioo cha upana wa sentimita 60, taa zikiwa nje kidogo ya kingo zake zitaachana kwa sentimita 70 hadi 80, na huo ni umbali mzuri. Kitovu cha kila taa kikiwa kati ya mita 1.5 na 1.7 kutoka sakafu iliyokwisha kuwekwa vigae, watu wazima wengi watahudumiwa. Sisitizeni neno hilo la sakafu iliyokwisha, kwani zege la kusawazisha na vigae huweza kuinua sakafu kwa sentimita kadhaa, na fundi aliyepima kutoka sakafu ya zamani atakuwa amekosea. Iwapo watumiaji wanatofautiana sana kwa urefu, chagueni taa ndefu za kusimama, za sentimita 50 au 60, badala ya balbu za duara.

Pengine nafasi haitoshi, kwa mfano kioo kimebanwa kati ya ukuta na dirisha. Hapo taa moja ndefu ya kulala, iliyowekwa juu ya kioo na yenye upana usiopungua ule wa kioo, itafaa, ingawa kivuli cha chini ya kidevu kitabaki. Sinki jeupe na kuta za rangi nyepesi hulipunguza tatizo hilo kwa kurudisha mwanga juu. Lisilofaa, na ambalo mafundi wa dari za jipsamu hulipenda mno, ni tundu dogo la taa ya dari juu kabisa ya kichwa cha anayejitazama. Hupendeza pichani, lakini usoni humfanya mtu aonekane kana kwamba macho yameingia ndani.

Kuhusu vioo vyenye taa ndani yake, ambavyo sasa vimejaa madukani: vingi hutoa mwanga wa kutosha, na vyenye utepe mpana wa mwanga kuzunguka kingo zote ni bora kuliko vyenye mstari mwembamba. Ulizeni swali moja tu kabla ya kulipa: taa ikifa, inabadilishwaje? Katika vingi haibadilishwi, na kioo kizima hutupwa. Taa ya ukutani yenye holda ya kawaida humruhusu mwenye nyumba kununua balbu nyingine popote.

Kusoma boksi la balbu

Wati hazisemi mwanga ni kiasi gani, zinasema umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya kizamani ya wati 60 ilitoa takriban lumeni 800, na balbu ya LED hutoa kiasi hicho kwa wati 8 au 9. Mbele ya kioo cha kawaida, taa mbili zenye lumeni 400 hadi 600 kila moja hutosha. Ziwe na kifuniko cheupe kama maziwa, kisichoonyesha chanzo cha mwanga, la sivyo kioo na vigae vinavyong'aa vitarudisha miale machoni.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini, na namba yake huenda kinyume na hisia ya watu: namba ndogo kama 2700 ni mwanga wa manjano unaofanana na wa kibatari, na namba kubwa kama 6500 ni mwanga mweupe wenye ubuluu. Balbu za 6500 ndizo nyingi zaidi madukani kwetu na watu huzichukulia kuwa zina nguvu zaidi. Hazina, ila zinaonekana kali. Kwa kazi za usoni tunashauri kati ya 3000 na 4000, na taa zote za kiooni ziwe na namba moja. Hili si suala la urembo peke yake. Mwanga wa manjano sana huficha umanjano wa jicho la mgonjwa wa ini au la mtoto mchanga, na mwanga wa ubuluu humfanya mzima afanane na mgonjwa.

Namba ya tatu ni ile inayoandikwa Ra au CRI, nayo hueleza jinsi taa inavyozionyesha rangi kwa uaminifu, 100 ikiwa ndiyo kilele. Msinunue chini ya 80 kwa ajili ya kioo. Mkipata 90, wekundu wa upele na weusi wa kovu vitaonekana jinsi vilivyo. Balbu isiyotaja namba hii popote kwenye boksi lake ichukulieni kuwa haina cha kujivunia.

Tazameni pia volti. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini katika mitaa mingi hupanda na kushuka. Boksi lililoandikwa 85 hadi 265 linaahidi uvumilivu mkubwa zaidi kuliko lililoandikwa 220 hadi 240.

Ahadi ya saa 25,000 za uhai, kwa upande mwingine, isiwashawishi kulipa zaidi. Taa inayowashwa saa moja na nusu kwa siku ingedumu, kwa hesabu hiyo, zaidi ya miaka 45. Kinachoua taa ya bafuni ni joto na unyevu unaoingia kwenye saketi yake, na dhidi ya hayo ulinzi wa maana ni dhamana ya maandishi pamoja na risiti.

Maji na umeme

Hapa hatutalegeza maneno. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa wepesi kuliko ngozi kavu, na mtu aliye bafuni hana viatu, amesimama juu ya sakafu yenye maji, akishika bomba la chuma. Hitilafu ambayo sebuleni ingemshtua tu, bafuni yaweza kumuua.

Taa hupewa namba ya ulinzi inayoanza na herufi IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni ya maji. IP20 haina kinga yoyote dhidi ya maji, na ndiyo taa ya kawaida ya sebuleni, hata kama muuzaji ataapa kwamba inafaa bafuni. IP44 huhimili michirizi kutoka kila upande, na hiyo ndiyo ya chini tunayoshauri kando ya sinki. IP65 huhimili maji yanayorushwa kwa nguvu, na hiyo ndiyo ya kuwekwa karibu na bomba la mvua.

Bafu nyingi za kwetu hazina beseni la kuogea wala kizuizi cha kioo. Bomba la mvua liko ukutani, choo kiko pembeni, sinki liko hatua moja mbele, na maji hutapakaa chumba kizima. Kwa bafu la namna hiyo, kanuni za kimataifa za ufungaji umeme hulitenga eneo la mita 1.2 kutoka mahali maji yanapotokea, hadi kimo cha mita 2.25, kuwa eneo la hatari. Pimeni umbali huo kwa utepe kabla ya kuamua kioo kikae wapi. Iwapo taa ya kioo inaangukia ndani yake, hamisheni kioo, au hamisheni bomba la mvua, kwa kuwa mabomba nayo wakati huu bado hayajafukiwa. Swichi ikae nje ya mlango. Soketi ya kawaida isiwekwe bafuni.

Hita ya maji ya papo kwa papo ina hatari yake. Ile ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 24, na lazima iwe na waya wake mnene na kikata umeme chake peke yake. Baadhi ya mafundi, kwa kukwepa kutindua ukuta mara mbili, huchukua umeme wa taa ya kioo kutoka kwenye waya wa hita. Likatazeni jambo hilo waziwazi. Kikata umeme kinachoruhusu ampea 32 za hita hakitakatika kwa wakati iwapo waya mwembamba wa taa utapata hitilafu. Utaungua kwanza.

Ukarabati ni nafasi pia ya kuhakikisha kwamba nyumba ina kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme unapovuja kuelekea ardhini. Kwa bafuni kinachotakiwa ni cha miliampea 30. Kifaa hicho hakichukui nafasi ya waya wa ethi, na ethi haichukui nafasi yake. Vyote viwili viwepo, na taa yoyote yenye mwili wa chuma iungwe kwenye ethi, hata kama fundi atasema kwamba taa inawaka vizuri bila huo waya wa tatu. Taa huwaka bila ethi, na hapo ndipo mitego yake ilipo.

Makubaliano na fundi, na madai dukani

Kwa Tanzania Bara, anayefunga umeme majumbani anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja. Kuomba kuiona si kumdharau fundi, naye aliyeipata kwa jasho lake huitoa kwa fahari. Mwandikieni kwenye karatasi idadi ya taa, kimo cha kila moja, mahali pa swichi, na neno kwamba saketi ya hita haitaguswa. Kabla lipu haijapigwa, pigeni picha za kila ukuta zikionyesha paipu za nyaya, utepe wa kupimia ukiwa umenyooshwa kando yake. Picha hizo zitamwokoa yeyote atakayekuja kutoboa ukuta miaka mingi baadaye ili atundike rafu ya taulo. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho itolewe taa zikiwa zimewaka na kifaa cha kukata umeme kimejaribiwa mbele yenu.

Dukani, tafuteni alama ya ubora ya TBS, ombeni balbu iwashwe mbele yenu, na msiondoke bila risiti ya EFD inayotaja aina ya taa. Bidhaa ikiwa mbovu, rudini kwanza kwa muuzaji mkiwa na boksi na risiti. Ikionekana ni bandia, taarifa hupelekwa Tume ya Ushindani, yaani FCC. Ikiwa ni suala la viwango, hupelekwa TBS. Boksi lililotupwa hudhoofisha madai yote mawili, kwa sababu ahadi za mtengenezaji ziliandikwa humo.

Anayeogopa gharama ya umeme na apige hesabu. Taa mbili za wati 6 zikiwaka saa moja na nusu kila siku kwa siku 30 hula uniti 0.54. Hita ya wati 5,500 ikiwashwa dakika 10, yaani kuoga mara moja, hula takriban uniti 0.92. Mwanga wa kioo wa mwezi mzima ni wa bei nafuu kuliko kuoga maji moto siku moja, na mwenye kutaka kubana matumizi aanzie huko.

Kazi ikikamilika, mnaweza kukuta balbu za zamani za mirija iliyojipinda zikiondolewa. Ndani yake mna zebaki kidogo. Ikivunjika moja, fungueni dirisha, watoto watoke kwa dakika 10 hadi 15, kisha vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu na kitambaa kilicholowa, si kwa ufagio wala kwa mikono mitupu, na vifungwe katika chupa yenye kifuniko. Nacho kile kifaa cha kukata umeme kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyezeni angalau kila baada ya miezi 3. Umeme usipokatika papo hapo, msiwashe hita wala taa ya bafuni mpaka fundi mwenye leseni afike.